Tanuri la Ukoo Mmoja

Katika ile semina mliyonipeleka kabla sijastaafu, bwana mmoja kutoka Kinshasa alichora duara ubaoni, akachora na la pili, kisha akayaunganisha kwa mishale. Akasema shirika imara ni lile ambalo mtu akiondoka, kazi haitetereki. Ninyi vijana wa kiwandani mliandika mbio mbio. Mimi sikuandika kitu, kwa sababu nilikuwa namwaza mtu mmoja aliyeitwa Ambroise Tshibangu, na mishale yote ile haikunipa jibu juu yake. Baadaye mliniuliza kwa nini nilikaa kimya. Sasa nina nafasi ya kujibu. Mtu aliyestaafu ana nafasi kuliko anavyopenda.

Sitasimulia vyeo wala mishahara. Vyeo vyangu mnavijua, na kuhusu mishahara, sitaki mkasirike mapema hivi.

Niliingia kiwanda cha mikate miaka michache kabla ya uhuru, mji wetu huu wa Katanga ukiwa bado una jina la malkia wa Wabelgiji. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliyetoka upande wa Ziwa Tanganyika. Yeye alitaka niwe padri, mama alitaka niwe karani, nikawa mbeba magunia ya unga. Nilipewa magunia kwa sababu moja tu: sikuwa na ndugu ndani ya kiwanda. Wakati ule kazi ilikuwa hivi: ukiingia mahali, unaleta mdogo wako, mdogo wako analeta mtoto wa shangazi, na baada ya muda idara nzima inakula sahani moja nyumbani. Wanaokanda walikuwa watu wa upande wa Luapula. Tanurini walikuwa watu watano wa Kasai, wa kijiji kimoja karibu na Mwene-Ditu, wote wa nyumba ya Tshibangu. Wazungu waliupenda mpango huo. Walisema watu wa namna hii hawagombani kazini, na ni kweli, kwa sababu idara moja haikuzungumza na nyingine.

Mkurugenzi wetu tulimwita Bwana Polepole. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa hivyo.

Siku yangu ya kwanza nilimwona Tshibangu akifungua mlango wa tanuri, akachota unga kidogo kwa vidole vitatu, akautupa juu ya matofali ya ndani. Akautazama unavyobadilika rangi. Kisha akafunga mlango, akasubiri, akatupa tena. Mara ya pili akaitikia kwa kichwa, na watu wake wakaanza kuingiza mikate kwa pele, ule ubao wenye mpini mrefu. Nikamuuliza alikuwa anatazama nini. Alinigeukia kama mtu aliyeulizwa rangi ya kitanda chake.

“We uko mwana ya nani?”

“Baba yangu anatumika ku reli.”

“Basi ile ya ku tanuri haiko ya kwako.”

Nikarudi kwenye magunia. Sikumchukia. Kila mwenye ufundi alifanya hivyo. Hata mshona viatu wa mtaani kwetu, sehemu mnayoiita leo Kampemba, aligeuka ukutani alipokuwa akichanganya gundi yake.

Ukaja uhuru, na siku chache baadaye askari wakaasi, na Wazungu wengi wakajaza magari yao na kuelekea Rodezia. Polepole naye alikwenda. Funguo alimwachia mlinzi wa lango, akisema atarudi Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya lini. Katikati ya hayo tukaambiwa kwamba Katanga sasa ni nchi peke yake. Tulipata bendera mpya na stempu mpya. Unga ulikuwa ule ule, nasi tulikuwa wale wale, na watu walitaka kula mkate asubuhi.

Tuliendesha kiwanda wenyewe, na kwa siku kadhaa tulijiona watu wakubwa. Kisha mama yake Tshibangu akafa, katika ule mtaa wa mji wetu unaoitwa Kenya.

Hapo ndipo tulipogundua tumejenga nini. Mama wa Tshibangu alikuwa bibi wa mmoja, shangazi wa mwingine, mama mkubwa wa wawili waliobaki. Hakuna hata mmoja wa tanurini ambaye angeweza kukosa kilio kile bila kulaaniwa na ukoo wote. Waliondoka watano kwa pamoja, na hawakurudi mpaka matanga yalipoanuliwa. Tanuri likabaki na moto wake bila mtu anayelijua. Mulenga, mkandaji mkuu, Mubemba mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alisema mkate hauwezi kumshinda mtu mzima. Ulimshinda. Ulitoka mweusi nje na mbichi ndani. Masista wa hospitali walirudisha mzigo wote, na sista wa jikoni akatuma mtu aulize kama tumekosea tukampelekea matofali ya ujenzi.

Tshibangu aliporudi, na ndevu zake za msiba, alikuta mikate miwili imebaki juu ya meza. Aliuvunja mmoja, akanusa. Tulingoja matusi. Yeye akakaa juu ya gunia.

“Mama moya anakufa,” akasema, “na muji yote inakosa mukate. Hii haiko kazi. Hii iko famili.”

Mdogo wake, Kazadi, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa wa pili tanurini, alidhani kaka yake amechanganywa na huzuni. Lakini Tshibangu aliendelea. Kuanzia wiki ile, akasema, kila Jumatatu, siku ambayo kazi ni ndogo, mtu mmoja wa idara nyingine atakuja kuchoma mkate, na mmoja wa tanurini atakwenda kukanda.

Kazadi alimvuta pembeni, akamwita yaya, yaani kaka mkubwa, lakini kwa sauti iliyosikika mpaka langoni. “Yaya, unapatia bantu chakula yetu? Siku bote banajua, batatufukuza.”

“Na kama tunakufa, Kazadi? Tutazikwa na tanuri?”

“Ba Bemba beko nacheka.”

“Bacheke. Miye nimechoka kusikia aibu juu ya kilio ya mama yangu.”

Tuliita jambo hilo zunguluka, maana kila mtu alizunguka. Bwana wa Kinshasa analo jina lake lililojaza nusu ya ubao. Sheria ziliwekwa na Tshibangu, na alikuwa mkali nazo. Anayejifunza ndiye anayefanya kazi. Mwenye kazi anasimama nyuma yake, mikono mgongoni, anaruhusiwa kusema lakini haruhusiwi kugusa. Usidhani ni jambo rahisi. Mjaribu fundi ye yote: mwambie asimame na kutazama mtu akiiharibu kazi yake, uone jasho. Mimi mwenyewe niliunguza mikate ya Jumatatu tatu mfululizo, na nyuma yangu nilimsikia Tshibangu akipumua kama mtu anayebeba piano.

Kazi ikiisha, tulikaa juu ya magunia na kila mmoja alitaja kitu kimoja kilichoharibika siku ile. Kitu, si mtu. Ukisema “Mulenga aliweka chumvi mara mbili,” unanyamazishwa. Unasema, “Chumvi iliingia mara mbili.” Mwanzoni tulicheka, kwa sababu chumvi ilionekana kuwa na miguu yake. Baada ya muda tuliona faida yake: mtu aliyekuwa anaficha kosa alianza kulitaja mwenyewe, kabla mkate haujamfikia mteja. Chumvi ikapata chombo chake cha kupimia, na haikuingia tena mara mbili.

Lakini niseme na hili, maana baadaye lilikuja kuwa jambo kubwa. Tshibangu mwenyewe hakuwahi kukanda. Alituma wadogo zake kwenye mashine ya kukandia, yeye akabaki tanurini akifundisha. Alisema umri wake umepita. Ukweli ni kwamba alikuwa na majivuno, naye alikuwa na haki nayo kidogo.

Mulenga ndiye aliyejifunza vizuri kuliko wote. Siku moja alitupa unga wake juu ya matofali, akautazama, akaitikia kwa kichwa kwa namna ile ile ya Tshibangu, mpaka watu wa Kasai wakaangua kicheko. Tshibangu hakucheka. Alimpa pele yake mwenyewe badala ya ile ya kujifunzia. Polepole alikuwa amesharudi kutoka Rodezia, mwekundu kwa jua, akakuta Mubemba tanurini na Mkasai kwenye unga. Aliuliza nani ametoa ruhusa. Mlinzi wa lango akamjibu kwamba ruhusa iko kwenye funguo. Mkate ulikuwa mzuri, kwa hiyo hakuuliza tena.

Kisha mji ukaharibika. Sitaeleza siasa, wako wanaoifahamu na wako wanaodai kuifahamu. Nitasema nilichokiona: jirani alianza kumwuliza jirani yake kabila, wakati alilijua tangu utotoni. Watu wa Kasai walitukanwa njiani kwamba ni wageni, kisha wakapigwa, kisha nyumba zao zikachomwa. Walikimbilia kambi kubwa pembeni ya mji, kwenye ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, maelfu ya watu chini ya maturubai na mabati ya kuokota.

Asubuhi moja watu wetu wote watano wa Kasai hawakufika. Hapakuwa na kilio safari hii, ingawa ingefaa kiwepo. Mulenga alifungua tanuri, akatupa unga, akangoja. Tuliingiza mikate. Ilitoka vizuri, yote. Nakumbuka nilivyoitazama ikipangwa kwenye vikapu, na furaha yangu ilikuwa chungu.

Polepole alishuka kutoka ofisini, akachukua mkate mmoja, akaubonyeza. “Muzuri,” akasema kwa Kiswahili chake. “Tunaweza bila wao.” Akapanda tena ngazi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amehesabu tu, na hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera. Mpango ambao Tshibangu aliutunga ili kiwanda kisife siku ya msiba ulikuwa umetuwezesha kumsahau.

Nilikwenda kambini kumtafuta. Njiani palikuwa na vijana waliofunga barabara kwa magogo, wakiuliza watu kabila. Niliwasalimia kwa Kitabwa cha mama yangu, lugha ya upande wa ziwa, na mmoja wao, sijui kwa nini, alikifahamu. Lugha ya mama ilinifaa siku ile kuliko shule yote ya mapadri. Nilimkuta Tshibangu amekaa mbele ya turubai, amekonda. Nilimpa mkate. Aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole akisikiliza, akaumega.

“Nani alichoma hii?”

“Mulenga.”

Alitafuna kwa muda mrefu. “Iko muzuri,” akasema. “Iko muzuri kabisa. Inaniumiza, Paskali.”

Nikakaa chini kando yake.

“Kazadi na benzake banataka kwenda Kasai, banasema kule iko kwetu. Miye nilizaliwa hapa. Kule sina tanuri, na hapa sina nyumba.” Akanitazama usoni. “Sema kweli. Mahali yangu ku kazi iko?”

“Iko, yaya,” nikasema. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Niliporudi nilianza kutafuta namna ya kuyafanya maneno yale yawe kweli.

Haikuwa rahisi. Polepole alinikabidhi idara ya tanuri, kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, akataka niijaze watu. Kila mtu kiwandani alikuwa na mdogo wake wa kuleta. Kama ningekubali, tungekuwa na ukoo mwingine tanurini kabla ya wiki mbili, na Tshibangu asingekuwa na mlango wa kurudia. Nikamwambia mkurugenzi kwamba unga umepungua kwa sababu ya njia kukatika, kwa hiyo tutaendelea kwa zunguluka, bila kuongeza mtu. Unga ulikuwa umepungua kweli. Wakati wa vita kuna faida moja: huhitaji kutunga visingizio.

Tuliendelea hivyo, kwa mapigano mawili na kwa siku nyingi za kuchanganya unga wa ngano na wa mahindi. Mkate wa mahindi hautulii tanurini, unapasuka. Ungetaja kitu kilichoharibika, mwingine angesema upunguze moto, mwingine maji. Kila mtu alikuwa ameshakaa kila mahali, kwa hiyo hakuna aliyesema “hiyo si kazi yangu.” Viwanda vingine vya mikate vilifunga. Sisi hatukufunga. Kama mnataka kuchora duara, lichoreni hapo.

Kujitenga kwa Katanga kukaisha. Bendera ikabadilika tena, na kambi ikaanza kuvunjwa. Kazadi na wale watatu walikwenda Kasai kama walivyosema. Tshibangu peke yake alibaki. Alipanga chumba karibu na mto Naviundu, akanitumia habari kwamba atakuja Jumatatu.

Nilipanda ngazi kwenda kwa mkurugenzi. “Tanuri limejaa, zile nafasi tano nimezifuta,” akasema. “Mnajua kazi wote. Wewe mwenyewe ulinithibitishia miaka hii. Nimrudishe wa nini?” Nilimwambia kwamba Tshibangu ndiye aliyetufundisha. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kutomhitaji. Nilishuka nikiwa na hasira, na hasira ilizidi kwa sababu sikuona kosa katika maneno yake.

Ilibaki nafasi moja tu kiwandani. Kwenye unga palikuwa na mtu mmoja aliyekwenda kwao Luapula wakati wa mapigano na hakurudi. Lakini nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Mulenga alikuwa ameombwa na mama yake, na mkurugenzi alikuwa ameshakubali, kwamba Chanda, mdogo wake wa tumbo moja, aichukue. Chanda alikuwa akija langoni na shati jeupe, akisubiri aitwe. Nani angemwomba mtu amnyime kazi mdogo wake? Mimi sikumwomba. Nilimwambia Mulenga tu kwamba Tshibangu amerudi, na kwamba tanurini hapana nafasi.

Alikuwa anatoa mikate. Aliendelea mpaka ya mwisho ilipotoka.

“Mama atanilaani,” akasema.

“Juu ya nini?”

“Unajua juu ya nini. Usijifanye mujinga.” Akaiegemeza pele ukutani. “Ule muzee haiko wa kwetu. Hakunidai kintu. Alinifundisha tanuri, na bandugu yake banamutukana juu yangu. Sasa miye nikalete mudogo yangu, halafu yeye apite ku barabara akinusa mukate?”

Jumatatu Tshibangu alifika langoni mapema, amenyoa, na koti lililokuwa limemzidi. Chanda naye alikuwepo, na shati lake jeupe. Walisimama kila mmoja upande wake wa lango, hawajuani. Polepole alishuka kwa mbio kama kawaida, akamwona Tshibangu, akanigeukia mimi kwa uso wa mtu aliyekwisha kusema neno lake.

Mulenga akapita mbele yangu. “Patron, huyu anaingia ku kukanda. Ku ile nafasi.”

“Tshibangu? Anajua nini juu ya kukanda?”

“Hapana kintu,” Mulenga akasema. “Njo maana anaingia. Miye nitamufundisha.”

“Na mudogo yako?”

Mulenga alimtazama Chanda, na kwa mara ya kwanza niliona mikono ile mikubwa haijui pa kukaa. “Mudogo yangu iko kijana. Muji iko mukubwa.”

Chanda aliondoka bila kuaga. Mama yao hakula nyumbani kwa Mulenga kwa muda mrefu sana, na harusi ya Chanda, Mulenga aliihudhuria amesimama nyuma kama mtu baki. Mkurugenzi alitazama saa, akatutazama sote watatu, akasema nafasi ni nafasi, na akapanda ngazi zake. Nikalifungua lango, nikamkaribisha yaya wangu ndani.

Tshibangu alivua koti, akalikunja, akauliza maji yanawekwa kabla ya unga au baada. Mwenye mvi yule, aliyekataa kukanda maisha yake yote, aliweka maji mengi mno, kisha akaongeza unga mwingi mno, na Mulenga nyuma yake akajizuia. Mkate wa siku ile ulikuwa mbaya, mzito na wa kushikamana na meno. Hatukuuza hata mmoja. Tulikaa juu ya magunia tukaula wote, na tulipofika kwenye kutaja kitu kilichoharibika, hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kwa kutafuna.